Kabla Chuma Hakijaanguka: Mwongozo wa Kuchagua Mpira wa Sakafu ya Mazoezi

Wengi wanaoanzisha sehemu ya mazoezi, iwe kona ya sebuleni au jimu ya kulipisha, huanza kwa kununua vyuma. Kitu cha kutandika sakafuni hukumbukwa mwishoni, pesa ikiwa imeshakwenda, na hapo hununuliwa kilichopo dukani: vile vipande vya sponji vya rangirangi vinavyoshikana kwa meno, ambavyo asili yake ni mchezo wa watoto. Miezi michache baadaye sponji imebonyea, kigae cha chini kimepasuka na mwenye nyumba anauliza nani atalipa. Mwongozo huu unakuomba ugeuze utaratibu. Anza na sakafu uliyonayo, fikiria kitakachoiangukia, ndipo uende dukani. Ukifuata mpangilio huo utagundua kwamba unahitaji mpira mzito mahali padogo tu, na kitu cha bei nafuu kwingine kote.

Gonga sakafu kwanza

Nyumba nyingi za mijini kwetu zina sakafu ya saruji tupu, ya saruji iliyotandikwa kapeti la plastiki, au ya vigae. Saruji tupu ndiyo rafiki wa mazoezi. Inachubuka, inatoa vumbi, lakini haivunjiki kirahisi, na ikichimbika fundi ataiziba kwa mchanga na saruji kidogo. Vigae ndivyo vinavyohitaji akili.

Kigae chenyewe ni kigumu sana. Kinachokiponza mara nyingi ni uwazi ulio chini yake. Fundi mwenye haraka huweka matonge ya saruji katikati na kwenye pembe, akabandika kigae juu, akasonga mbele. Kwa macho kazi inapendeza. Ila kati ya tonge na tonge kuna hewa, na hapo ndipo chuma kikitua kigae kinaachana. Kwa hiyo chukua sarafu au ufunguo, piga magoti, ugonge kigae kimoja baada ya kingine, katikati na kwenye pembe nne. Palipojaa patatoa mlio mfupi, mzito. Palipo wazi patalia kama debe tupu. Weka alama kwa chaki. Ukikuta vigae vingi vinalia katika chumba ulichokitaka, hamisha vyuma viende chumba kingine au barazani, kwa sababu mpira wowote utakaotandika hapo utachelewesha tu siku ya kupasuka. Kama wewe ni mpangaji, piga picha sakafu nzima kabla hujatandika chochote, na umwonyeshe mwenye nyumba vigae vilivyokuwa vibovu tangu mwanzo.

Kipimo cha pili ni cha unyevu, na wakazi wa pwani hawana budi kukifanya. Nyumba iliyojengwa bila nailoni ya kuzuia maji chini ya zege hupandisha unyevunyevu kutoka ardhini mwaka mzima. Sakafu ikiwa wazi hukauka yenyewe bila wewe kujua. Ukiifunika kwa mpira, maji yanakosa pa kutokea: huanza harufu ya uvundo, kisha ukungu mweusi, kisha mende. Kata nailoni nzito yenye upana wa karibu nusu mita kila upande, ibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote nne bila kuacha upenyo, uiache tangu asubuhi hadi asubuhi ya pili. Ukiibandua ukakuta matone kwa ndani, au saruji imegeuka rangi ikawa nyeusi zaidi, usigandishe mpira kwa gundi. Tumia vipande unavyoweza kuviinua, uviegemeze ukutani mara kwa mara, sakafu ipumue.

Kapeti la plastiki lina kasoro yake ambayo wauzaji hawaitaji. Mpira, hasa uliotokana na tairi, una kemikali za kuuzuia usizeeke, na kemikali hizo huhama polepole na kuingia kwenye plastiki. Baada ya miezi utainua mpira na kukuta doa la njano au la kahawia lenye umbo lilelile la mpira wako. Doa hilo halitoki kwa sabuni, halitoki kwa jiki, halitoki kabisa. Kunja kapeti hadi mwisho wa sehemu ya mazoezi, au weka plaiwudi katikati ya viwili hivyo.

Na kama uko ghorofani, kuna swali ambalo mpira hauwezi kulijibu. Katika viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wengi wa Afrika Mashariki wamevitumia kwa miaka mingi, sakafu ya nyumba ya kuishi husanifiwa kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba juu ya uzito wake yenyewe. Ukumbi wa mazoezi husanifiwa kwa kama kilo 500. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara tatu. Dambeli mbili, mkeka na mtu mmoja havina tatizo. Lakini anayekodi orofa iliyojengwa kuwa makazi ili aweke jimu, na mashine zake, na vyuma vyake, na wateja thelathini wakiruka kwa mdundo mmoja saa kumi na mbili jioni, amtafute mhandisi kwanza. Ada yake ni ndogo kuliko shehena moja ya mpira.

Hesabu ya kuanguka

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kuchagua, kwa hiyo tukae kidogo.

Fikiria dambeli ya kilo 20 ikiponyoka mkononi nusu mita kutoka chini. Mwendo wote iliouchuma njiani sharti umalizwe na sakafu, na kipigo kinategemea umalizwe katika umbali gani. Nusu mita ni milimita 500. Dambeli ikisimama ndani ya milimita 2, ule umbali wa kuanguka ni mara 250 ya umbali wa kusimama, na sakafu inapigwa kwa wastani wa nguvu inayolingana na uzito wa tani 5. Ukiweka kitu kinachoiruhusu izame milimita 10 kabla ya kusimama, kipigo kinashuka hadi kama tani 1. Chuma ni kilekile, kimo ni kilekile, ila sakafu imepata moja ya tano ya maumivu.

Sasa utaona kwa nini sponji hudanganya. Ukiibonyeza kwa kidole inazama vizuri, na mkono unakuambia hiki ni kinga. Lakini dambeli haina upana wa kiganja. Inatua kwa ukingo au kwa pembe. Sponji ya milimita 12 inazama yote mara moja bila kuushika mwendo, na dambeli inafika chini ikiwa bado ina kasi yake karibu yote. Milimita ya mwisho ndiyo inayovunja kigae. Mpira mzito hauzami sana, lakini kila milimita unayozama unapambana. Kwa hiyo ulaini usikuvutie. Kinachokinga ni unene ukiwa pamoja na uzito.

Kuna jambo la pili, nalo ni kutawanya. Kipigo cha tani 1 kwenye eneo la sarafu kinavunja. Kikitawanywa kwenye eneo la sinia, kigae kinastahimili. Mpira pekee hautawanyi sana. Ubao ndio unaotawanya. Ndiyo maana majukwaa ya kunyanyulia uzito hujengwa kwa tabaka: plaiwudi chini, mpira juu, au mbao katikati anaposimama mtu na mpira pembeni zinapotua sahani. Jukwaa la mashindano ya kimataifa ya kunyanyua uzito lina mita 4 kwa 4. Nyumbani huhitaji hayo. Plaiwudi mbili za kawaida zenye unene wa milimita 18, zikilazwa sambamba, zinakupa mraba wa kama mita 2.4 kila upande. Ongeza mbili nyingine juu yake zikiwa zimekatishwa, uzikaze kwa skrubu, tandika mpira mnene wa milimita 20 pande mbili, na unalo jukwaa litakalokaa miaka mingi. Karibu na bahari tafuta plaiwudi inayostahimili maji, vinginevyo msimu mmoja wa masika utaichanua tabaka tabaka.

Aina ya chuma nayo ina neno. Sahani za mpira mzima zenye kipenyo cha milimita 450, zile zinazotumika kwenye mashindano, huleta kinga yao wenyewe. Sahani za chuma tupu ni katili zaidi. Na katili kuliko zote ni vyuma vya jimu za mtaani: gia za malori zilizochomekwa kwenye bomba, makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Siwabezi wanaovitumia; vifua vingi vipana vya uswahilini vimejengwa kwa gia ya lori. Ila meno ya gia hutoboa sponji siku ya kwanza, na ukingo wa kopo hukata hata mpira mwembamba. Dawa yake ni rahisi. Nenda kwa fundi wa pancha, omba tyubu kuukuu ya gari kubwa, ikate mikanda, uzungushe kwenye ukingo wa kila kopo na kila gia mara tatu au nne, ufunge kwa waya. Umepunguza kazi ya mpira wa sakafuni kwa gharama ya soda.

Vilivyopo sokoni

Sponji ya vipande vya kuunganisha, ambayo kitaalamu ni plastiki iitwayo EVA, huuzwa kwa vipande vya sentimita 60 kwa 60 au mita moja kwa moja, unene kuanzia milimita 10. Ina kazi yake: kulala chali ukifanya mazoezi ya tumbo, kupiga magoti, kujinyoosha, watoto kubingirika. Ile nene na ngumu ya milimita 25 hadi 40 ndiyo ya karate, taekwondo na judo, kwa kuwa huko kinachoanguka ni mwili wa mtu na ulaini unahitajika. Kwa kunyanyua vyuma ukiwa umesimama, sponji ni mbaya mara mbili: haikingi sakafu, na inayumbisha kifundo cha mguu. Jaribu kuchuchumaa na kilo 60 mabegani juu ya sponji ya milimita 20, utaona visigino vinavyotafuta ardhi. Tena, sponji ikikaa kwenye jua la dirishani hunywea, meno yake yakaachana, na palipokuwa na sakafu moja pakawa na mianya ya kukwaza vidole.

Mpira wa tairi lililosagwa ndio unaobeba jimu nyingi duniani. Tairi kuukuu husagwa kuwa punje, punje zikachanganywa na gundi ya poliyurethani, zikashindiliwa kwa mashine. Hutoka kama mabunda yenye upana wa karibu mita 1.2, unene wa milimita 6, 8 au 10, au kama vipande vya sentimita 50 kwa 50 na mita kwa mita, unene kuanzia milimita 15 hadi 50. Vile vyenye chembe za bluu au nyekundu ni vilevile, vimenyunyiziwa punje za mpira wa rangi. Vinapendeza. Chembe hizo zina bei na haziongezi nguvu. Kama fedha ni ya kuhesabu, chukua vyeusi vitupu.

Kuna pia mpira mzima uliopikwa na salfa kwenye kalibu, usio na vitundu. Nchi za Magharibi huu huuzwa kwa wafugaji wa farasi, watandike mabandani, na wanyanyua vyuma wa majumbani waliugundua zamani. Kipande cha kawaida cha futi 4 kwa 6, unene wa milimita 19, kina uzito wa kama kilo 45. Kwetu utaupata mara chache, na ukiupata usiuache. Haunywi jasho, hautoi punje, na farasi ni mteja mkali kuliko mtu yeyote wa jimu.

Anayeishi karibu na migodi, viwanda vya saruji au bandari aulize habari za mikanda ya konveya iliyochakaa. Ni mpira mgumu wenye nguo ndani yake, na baadhi una nyaya za chuma. Wenye nyaya uuache. Ukikatwa, nyaya huchomoza na kuchana miguu. Wenye nguo hudumu sana, ila ni mgumu mno kuzuia mshindo peke yake. Utandike juu ya sponji ngumu au juu ya plaiwudi, na uusugue vizuri kabla haujaingia ndani, kwa maana hujui ulibeba nini.

Mikeka myembamba ya yoga ya milimita 4 hadi 6 ni ya mwili wako na haina habari na sakafu. Uchague kwa kushika: simama juu yake kwa mikono na miguu, mikono ikiwa imelowa, usikie kama inateleza. Ile ya mpira wa asili inashika kuliko ya plastiki, lakini mwenye mzio wa mpira iwe mbali naye. Mkeka wa ukindu, mzuri ulivyo, juu ya kigae kilichosuguliwa utakuangusha.

Nyumbani

Kama mazoezi yako ni ya mwili mtupu, kamba ya kuruka na dambeli za kilo 5, usinunue chumba kizima cha mpira. Kipande kimoja cha milimita 8 au 10, chenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2, kinatosha, pamoja na mkeka mwepesi wa kulalia juu yake.

Ukianza kubeba vizito zaidi, usiongeze unene kote. Angalia vyuma vyako vinatua wapi. Kwa mtu anayenyanyua baa kutoka chini, sahani hutua sehemu mbili, kushoto na kulia, kila moja ndogo kuliko meza ya chai. Hapo weka vipande vya milimita 30 au 40 juu ya plaiwudi. Katikati unaposimama paache pagumu na sawa. Tena hakikisha miguu yako na sahani viko katika kimo unachokijua, maana ukiinua sahani kwa milimita 40 na wewe ukabaki chini, umebadilisha zoezi bila kujua.

Mashine ya kukimbilia inataka kitu tofauti. Uzito wake umetulia, lakini mtetemo hauishi, na miguu yake midogo hukwaruza vigae na kuacha alama. Mpira wa milimita 5 hadi 8 chini yake unatosha, mrefu kuliko mashine ili uendelee nyuma, maana mkanda unapopukutika unga mweusi huangukia huko. Usiiweke juu ya kapeti la manyoya. Mota huvuta hewa kutoka chini, nyuzi na vumbi vikaingia, na fundi wa mashine hizo ni ghali. Wala usiiweke juu ya sponji laini: itazama upande mmoja, mkanda utakwenda kombo.

Kuhusu majirani wa chini, ukweli hauna budi usemwe. Mpira hupunguza kishindo, hauondoi. Mshindo wa chuma hupita kwenye zege na kusikika orofa mbili chini, na mtu wa Upanga au Kilimani aliyeamshwa saa kumi na moja alfajiri hatakuuliza mpira wako una milimita ngapi. Ghorofani shusha chuma kwa mikono. Kama mazoezi yako yanadai kuachia baa kutoka juu, mahali pake ni chini, kwenye zege lililokaa juu ya udongo.

Jimu ya kulipisha

Mwenye jimu ana adui ambaye mwenye nyumba hana: mteja asiyejali. Utabandika tangazo la kukataza kutupa vyuma, na watavitupa. Kwa hiyo sakafu yako uipange kwa tabia ya mteja mbaya kuliko wote.

Chukua ukumbi wa mita 6 kwa 10. Eneo la mashine, la kujinyoosha na njia za kupita linaweza kuchukua mita za mraba 45, na milimita 8 ya bunda inatosha humo. Zinazobaki 15, mbele ya kioo penye rafu ya dambeli na penye baa, ziwe na vipande vya milimita 30. Kwa makadirio ya kilo 10 kwa kila mita ya mraba yenye unene wa milimita 10, bunda litakuwa na kama kilo 360 na vipande kama kilo 450. Kadiria gari la kubeba na vijana wa kupakua mapema, hasa kama ukumbi wako hauna lifti. Unene wa aina hizi mbili ukikutana unaacha ngazi ya milimita 22, ambayo ni mtego kwa mtu aliyebeba chuma machoni pake. Weka ubao ulioranduliwa mteremko, upake rangi ya njano.

Usitandike sponji ya watoto kwenye jimu ya biashara, hata kwenye darasa la mazoezi ya muziki. Katika miezi ya mwanzo utaokoa fedha. Kisha viatu vitaichana, jasho litaingia kwenye mianya ya meno, na utanunua upya wakati mwenzako aliyetandika mpira anafuta sakafu yake kwa tambara. Ile ngumu ya karate ni habari nyingine, ilimradi watu wavue viatu.

Sehemu yanapokaa maji ya kunywa na mlangoni pa bafu, mpira wenye vitundu hunywa na hutoa harufu. Hapo acha kigae kisichoteleza.

Harufu, kukata, kusafisha

Mpira mpya wa tairi unanuka, na chumba kidogo kilichofungwa chenye joto la Januari kinaifanya harufu iwe ya kuumiza kichwa. Ukunjue nje kivulini siku kadhaa, ukisuguliwa mara moja kwa maji na sabuni. Harufu itapungua. Isiyopungua baada ya wiki kadhaa, ile kali ya mafuta, inaonyesha malighafi duni. Wasiwasi wa kemikali si wa kupuuza: mwishoni mwa 2010 Ubelgiji na Ufaransa zilisimamisha uuzaji wa vipande vya sponji vya watoto kwa sababu ya kemikali iitwayo formamidi, na tangu mwisho wa 2015 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 1 kwa kilo kwa kila moja ya kemikali 8 za kundi la PAH katika bidhaa za mpira na plastiki zinazogusa ngozi mara kwa mara. Muulize muuzaji kama kiwanda kina cheti cha kipimo hicho. Kama watoto wachanga hutambaa chumbani humo, uliza mara mbili.

Bunda likifika, likunjue na uliache chumbani usiku kucha kabla ya kulikata, kwa kuwa mpira uliobanwa hurudi taratibu kwenye urefu wake. Kata kwa kisu cha wembe mpya na rula ya chuma. Usijaribu kumaliza kwa mkato mmoja: pitisha mara nne au tano kwa wepesi, ukipaka maji ya sabuni kwenye wembe, huku umeweka kipande cha mbao chini ili mkato ufunguke. Acha mwanya wa milimita chache ukutani. Joto likipanda mpira hutanuka na usipopata nafasi huvimba katikati. Gundi si lazima. Mpira mzito hujishikilia, na utepe wa kushika pande mbili kwenye viungo unatosha nyumba nyingi.

Kusafisha ni kufagia au kunyonya vumbi, kisha tambara lenye maji na sabuni isiyo kali. Jiki ikitumiwa kila siku huukausha mpira hadi upasuke. Mafuta ya taa, petroli na dizeli, ambavyo mafundi wetu hupenda kusugulia kila kitu, huuvimbisha na kuulainisha, visikaribie. Wala usipake nta ya kung'arisha sakafu, ile ya sakafu nyekundu za zamani. Utang'aa, na mtu atavunjika kiuno.

Siku ya kununua

Nenda na vipimo vya chumba vilivyoandikwa na ramani uliyochora kwa mkono, ukiwa umeshaonyesha vyuma vitatua wapi. Unene ulioandikwa kwenye bei usiuamini; beba rula, pima pembeni na katikati ya kipande, maana vipande vyembamba katikati ni vingi. Kunja pembe moja kwa nguvu: mpira mzuri hurudi bila ufa, na ukiusugua kwa kiganja mkono hautoki na punje. Lala juu ya kipande kama ni cha kulalia. Wauzaji watacheka, waache wacheke.

Kisha omba mzani. Kipande cha mita moja kwa moja chenye unene wa milimita 20 kinapaswa kuwa na kati ya kilo 16 na 24 hivi. Kikiwa na kilo 8, unachouziwa ni sponji iliyopakwa rangi nyeusi au mpira uliojaa hewa, na kigae chako kitalipa tofauti. Muuzaji akikukatalia kupima, nenda duka la pili.